Chai ya Mtangazaji

"Mimina tena, mama," alisema yule mtangazaji Mwingereza. "Polepole. Na usitabasamu."

Sikuwa nimetabasamu tangu maafisa wa uhamiaji wamchukue mume wangu, Mutai, siku kumi na moja zilizopita. Tangu siku hiyo sikuwa nimesikia sauti yake.

Nilishika chupa ya chai kwa mara ya tatu. Mgeni alikuwa ameketi ukingoni mwa meza yangu hapa Germantown, nje kidogo ya Washington, amevaa koti na tai juu, kaptula chini, mahali ambapo kamera haifiki. Magoti yake yalikuwa mekundu. Kwa miaka thelathini amewabana mawaziri wakuu huko London kwa maswali, sasa kaletwa Washington. Kiswahili alikiokota Nairobi.

Simu yangu ikalia mezani. Niliitambua namba ya kizuizini.

Mtangazaji akaifunika kwa kiganja.

"Usipokee kwanza! Hii ndiyo picha niliyoifuata. Ngoja tutayarishe sauti."

"Toa mkono. Ikikatika, mimi siwezi kumpigia."

"Atapiga tena."

"Huko hawapigi wanapotaka. Toa mkono, bwana."

"Mama, marais wananisubiri mimi."

Ikalia mara ya pili, ya tatu. Mpiga kamera aliangalia sakafu. Kiganja hakikusogea, na pete ya dhahabu kwenye kidole cha mwisho ilitetemeka pamoja na simu.

Chupa ilikuwa wazi mkononi mwangu, chai inatoa mvuke.

Simu ilipolia mara ya nne, nilimimina kwenye magoti yake, polepole, bila kutabasamu.