Sindano ya Anayevuta

Sheria ilisema dawa ya viungo ni ya anayevuta mzigo. Kila mwezi Daktari Kisamo alimdunga gotini Shaba, farasi wa akina Nakijwa. Aliyemshikilia farasi kichwa ni bibi yake Nakijwa, ambaye magoti yake yaliliwa na ugonjwa uleule.

"Daktari, na hiyo iliyobaki kichupani?" Nakijwa aliuliza.

"Inamwagwa, binti. Bibi yako havuti chochote."

"Nimevuta watoto saba wa nyumba hii," Bibi alicheka. "Au kwa sababu hawakuwa na magurudumu?"

Daktari aliimwaga dawa mchangani mbele yao.

Mwezi uliofuata alimkuta Bibi mbele ya mkokoteni wenye madumu ya maji, kamba za Shaba zimemzunguka kifua. Nakijwa ndiye aliyemfunga, akitumaini kwamba Daktari angeona aibu.

Bibi aliuma meno, akavuta hatua tatu.

Daktari alimfunua midomo, akamtazama meno, akakadiria umri, akaandika. Kisha akamdunga.

"Kesho apumzike," alimwagiza Nakijwa. "Keshokutwa mpakie mzigo kamili."