Kuku Komando na Kamba ya Uani

"Taulo zako zinanuka dawa ya nywele! Ziondoe kwenye kamba yangu!"

"Kamba yako? Ulizaliwa nayo?"

Dobi wa chumba cha chini na kinyozi wa chumba cha pili walikuwa wameishikilia kamba moja uani, kila mtu na upande wake, kama wanavutania mbuzi. Ndiyo kamba pekee iliyopata jua kutwa nzima. Kinyozi alikuwa na taulo ishirini za saluni. Dobi alikuwa na mabeseni mawili ya mashuka ya nyumba ya wageni, kazi mpya kabisa, na meneja alishamwonya: yakichelewa kukauka hata mara moja, kazi anapewa mwingine.

"Maneno ya nini?" kinyozi akasema. "Twende juu tukacheze."

Nyumba nzima ikapiga vigelegele madirishani. Watu waliacha sufuria jikoni.

Katika nyumba ile, ugomvi uliamuliwa kwa gemu. Mama mwenye nyumba alikuwa amechoka kuhukumu kesi za ndoo na za bafu, akapitisha sheria: nendeni kwa fundi redio huko juu, kwenye mashine yake ya gemu, mkacheze Kuku Komando, atakayeshinda ndiye mwenye haki, na mimi mniache nilale mchana wangu.

Kuku Komando ilianza kama filamu ya katuni. Sasa, magemu yanayotokana na filamu kila mtu anayajua. Mengi ni bora liende. Shujaa uliyempenda anakwama ukutani, sauti siyo yake, mdomo unafunguka na kufumba kama wa samaki. Fundi redio alikwisha kununua matatu ya aina hiyo akayagawa kwa watu asiowapenda. Lakini hili! Kuku ni yule yule, kicheko kile kile, wimbo ule ule, hata unyoya unaomdondoka kwenye filamu akipiga chafya, humu nao unadondoka. "Waliolitengeneza walimpenda huyu kuku," fundi alikuwa akisema, na machozi yanamlengalenga.

Tatizo ni kwamba dobi hakuwahi kushinda hata siku moja. Tangu sheria ile ipite alishapoteza zamu ya bafu, pembe yake ya jikoni, na kigoda chake mwenyewe alichokuja nacho.

Fundi alikuwa kazini. Mkewe, msusi, alikuwa kainamia kichwa cha mteja, runinga inanguruma mbele yao. Alipoona umati mlangoni akacheka.

"Mmekuja wakati wenyewe, si mnaona kuku na mwewe wameshakabiliana? Shikeni!" Akachomoa pedi mbili za kuchezea chini ya mto, nyaya zake zikiishia nyuma ya kabati.

Kinyozi akamchukua mwewe, kama kawaida yake. "Dua la kuku, dada, unajua halimpati nani."

"Cheza, wewe! Mdomo haubonyezi."

Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Kioo kikawaka rangi: mwewe anashuka kwa kasi, kuku anaserereka juu ya bati, anageuka, anamtia teke la mdomo. Chumba kikalipuka.

"Hilo teke umejifunza wapi, dobi?"

"Hata sijui!" dobi akapiga kelele, vidole vikimcheza ovyo. "Leo ananielewa kabla sijabonyeza!"

Kinyozi alikuwa anatoka jasho. "Mbona huyu hanitii? Namwambia aruke, yeye anaimba!"

"Si ndipo anapoimba hata kwenye filamu?" msusi akajibu bila kuinua kichwa. "Hawakuacha kitu wale."

"Asiyejua kucheza husingizia uwanja!" mtu akadakia kutoka mlangoni.

Dobi akaangusha pedi ajifute jasho. Kuku akaruka mitungi mitatu, akapita katikati ya miguu ya mwewe, akamfunga mabawa kwa mkia wake mwenyewe.

"Mikono mitupu!" watu wakapagawa. "Anacheza kwa mikono mitupu!"

Mwewe akatumbukia kwenye pipa la matope. Tarumbeta zikalia. Dobi alijikuta amebebwa juu juu, kanga inamvuka, analia na kucheka kwa pamoja, na msusi anamtuza kitana kama bibi harusi. Kinyozi alibaki kwenye mkeka, anaitikisa pedi kama kiatu chenye kokoto.

Lakini kinyozi ni mtu wa neno lake. Alishuka uani mbele ya watu wote, akaanua taulo moja moja, akazitandaza ukutani kwenye kivuli. Akampa dobi mkono. "Umenishika, dada. Kamba ni yako."

Saa kumi mashuka yalikuwa yamejaa kambani mwanzo hadi mwisho, meupe, yanapepea. Dobi alikuwa mlangoni kwake anapakua wali na nyama huku anaimba wimbo wa kuku, fundi redio alipoingia getini na begi begani.

"Pole na kazi, shemeji!"

"Nimeshapoa." Fundi akatua begi kwenye ngazi, akalifungua, akatoa mashine ya gemu iliyoviringishwa ndani ya shati. "Hii ndiyo imenitesa tangu asubuhi kule kazini, ilikuwa inachemka. Waambie wenzako imepona. Najua leo wamekaa tu wanaangalia filamu ya kuku."

Dobi akatazama juu kwenye ngazi. Akatazama mashuka. Akamshika fundi mkono, mashine na yote.

"Ingia ndani ule, shemeji. Nyama yote yako. Na mlango urudishie."