Shikamoo ya Simuni

Bi Tausi, mkunga mstaafu, hakuwahi kumkatia simu mtu aliyemwamkia. Hapo ndipo tapeli alipomnasa. Alianza na shikamoo, akamsikiliza akilalamikia miguu, kisha akadai kompyuta yake ina virusi na kumwelekeza vya kubonyeza. Ikajifunga yote, pamoja na majina ya watoto aliowapokea wakizaliwa.

Siku ya tatu fundi Rukia akashusha pumzi. "Imefunguka, Bibi. Majina yote yamo. Akipiga tena, kata!"

Palepale simu ikalia.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ileile. "Miguu inaendeleaje?"

Rukia akamwonyesha kitufe chekundu. Kidole cha Bi Tausi kikakiendea, kikasita.

"Marahaba. Mama yako nani, mwanangu? Pengine nilikupokea mimi."

Hakuna aliyekata simu, si Bi Tausi wala tapeli.