Kaya Maskini Kuliko Zote

Thadei alikuwa juu ya paa lake la bati, akilifunika kwa nyasi, na mkewe Ludovika alikuwa chini akimfokea.

"Pale kwenye kona bado panang'aa! Unataka mgombea aone bati?"

"Mama Festo, bati hili tumelihangaikia mpaka basi."

"Lifunike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Thadei alitaka kusema kwamba yeye hakuinama, alikuwa amepanda, lakini alimjua mkewe. Akaomba mzigo mwingine wa nyasi.

Kijiji chao pale Endagikot kilikuwa kimeshikwa na wazimu. Wiki iliyopita mgombea urais mmoja alifika Katesh, akaingia nyumbani kwa mjane asiye na mbele wala nyuma, akala naye makande, akapigwa picha akifuta machozi. Kampeni yake yote ilikuwa umaskini. Alikuwa ameapa kuukomesha. Alipoondoka alimwachia mjane yule ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Sasa alikuwa anakuja Mbulu, na ng'ombe mwingine alikuwa kwenye lori nyuma ya msafara.

Ludovika alimtaka ng'ombe yule kuliko alivyowahi kumtaka Thadei.

Tatizo ni kwamba hakuwa maskini. Vitunguu saumu vilikuwa vimemnyookea. Alikuwa na kochi, tivi, na friji lililovalishwa kitambaa cha kufuma. Angevificha wapi? Kwa jirani yake Scolastica haiwezekani, maana naye alikuwa amemkodolea macho ng'ombe huyohuyo. Ndipo akamkumbuka Bura.

Bura alikuwa kibarua wa shambani kwake. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imelala upande kama mlevi, na ndani hamkuwa na kitu ila mafiga na ngozi ya kulalia. Nani angekwenda kutafuta friji mle? Wakavipeleka vitu kwa mkokoteni wa punda kabla majirani hawajaamka.

"Usimwambie mtu kwamba ni vyangu," Ludovika akamwonya.

"Nikiulizwa je, dada?"

"Sema ni vyako." Akacheka. "Lakini wewe nani atakuuliza?"

Bura akafikiri kidogo. "Haya, dada. Nitasema hivyo."

Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano ili kaya maskini zijieleze. Hapo ndipo watu walipojua kusema. Scolastica alilia kwamba watoto wake wanavaa kandambili kwa zamu. Patriki, mwenye pikipiki mbili za bodaboda, alikuja na mkongojo. Ludovika akasimama na kanga iliyochanika, akasema tangu azaliwe hajawahi kukalia kochi, wala hajui linanukaje. Mtendaji, kijana mgeni kutoka Songea, alisikiliza mpaka akatoa leso.

Bura hakuwepo. Alikuwa anachimba vitunguu vya Ludovika.

Siku ya ugeni, kijiji kizima kilijipanga kando ya barabara kikiwa kimevaa matambara. Magari yakasimama, mgombea akashuka, kamera nyuma yake. Akafika kwa Ludovika.

"Shikamoo, mheshimiwa," Ludovika akasema, akijitahidi kutetemeka.

"Marahaba, mama. Hapa ndipo unapoishi?" Mgombea akalitazama paa la nyasi, akatikisa kichwa kwa uchungu. Kule kwenye lori ng'ombe akalia, na Ludovika akahisi moyo wake unaitika.

Mara mgombea akanyoosha kidole. "Na ile iliyolala upande ni ya nani?"

"Ya Bura, mheshimiwa," mtendaji akajibu.

"Twende."

"Mheshimiwa, pale hakuna kitu kabisa!" Ludovika akapiga kelele.

"Ndiyo maana naenda, mama."

Akainama, akaingia, kamera zikamfuata. Kisha akasimama kama aliyegonga ukuta. Mle ndani mlikuwa na kochi la Ludovika, na juu yake magodoro ya Scolastica, na juu ya magodoro cherehani. Pikipiki za Patriki zilikuwa zimeegeshwa kwenye mafiga. Tivi zilikuwa zimepangwa mpaka darini. Bura alikuwa amekaa juu ya friji, maana hapakuwa na nafasi nyingine.

Pale mlangoni Ludovika akamtazama Scolastica. Scolastica akamtazama Patriki. Patriki alikuwa amekimbia mbio kufika pale na mkongojo ameubeba begani.

"Ndugu yangu," mgombea akauliza taratibu, "vitu hivi ni vya nani?"

Bura akawatazama majirani mmoja mmoja. Kila mmoja wao alikuwa amemfundisha la kusema, na wote walikuwa wamemfundisha lilelile.

"Vyangu, mheshimiwa."

"Vyote?"

"Waulize majirani."

Mgombea akamgeukia Ludovika, na kamera nazo zikamgeukia. Ludovika akalifikiria kochi lake, akamfikiria ng'ombe. Kochi angelifuata baadaye. Ng'ombe akishaondoka ameondoka.

"Ni vyake, mheshimiwa," akasema kwa sauti nyembamba. "Sisi wengine hatuna hata kigoda."

"Hata kigoda!" Scolastica na Patriki wakaitikia.

Mgombea akamshika Bura mkono, akatoka naye nje, akauinua juu mbele ya umati.

"Ndugu zangu, umaskini hauondoki kwa kugawa ovyo!" akasema kwenye kipaza sauti. "Mtu aliyejikusanyia yote haya ndani ya kibanda hiki ndiye anayejua kutunza mali. Mshusheni ng'ombe, apewe Bura."

Akawageukia kina Ludovika, macho yamemjaa huruma.

"Ninyi, maskini, mngemchinja."