Gome la Duzhong

Mama mkwe alivunja gome la duzhong, mti wa dawa ya mgongo, akavuta vipande viwili taratibu. Nyuzi nyeupe zikanyooka kati ya mikono yake bila kukatika.

"Mgongo umeanza kukuuma tena, Mama?"

"Mgongo wangu mzima. Hili ni lako, Suqin. Linazuia mimba isitoke."

Sikuwa nimemwambia mtu. Mwanawe yuko kiwandani Guangdong, hajakanyaga nyumbani tangu mwaka jana.

Alipomaliza kuchemsha gome, alinisogezea bakuli. Dawa ilikuwa nyeusi.

"Mama, akirudi nitamwambia nini?"

Akazungusha uzi mmoja kidoleni, akaukaza mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Hata yeye, mimba yake niliipata huyo anayemwita baba akiwa mbali," akasema. "Nilikunywa, nikanyamaza. Na wewe kunywa."