Njia Fupi ya Kwenda Msituni

Polisi alimsimamisha Arvo na pikipiki yake ya magurudumu manne mbele ya nyumba ya kutunzia wazee.

"Mzee, ukaidi gani huu? Sheria ya mji unaijua: pikipiki kama hii ni ya msituni tu; unatoka kwako, unashika njia fupi, unaingia msituni. Huku unazurura tu!"

"Sizururi, mwanangu. Nimemfuata mke wangu."

Dirishani, bibi mmoja aliyevaa koti la kuwindia juu ya gauni la kulalia alikuwa akiwapungia mkono.

"Siku hizi hata jina langu limempotea," Arvo alisema. "Lakini mlio wa injini hii anaujua."

Polisi alikitazama kiti cha nyuma, kitupu, kilichopanguswa matope.

"Abiria naye lazima avae helmeti," alisema kwa sauti ya chini.

"Anayo. Analala nayo."