Gunia la Mpunga Kitandani

Tangu sheria ikataze mtu kuishi peke yake, kila kitanda kilifungwa kipimo. Kazi yake ni nyepesi kuielewa: chuma chembamba miguuni pa kitanda hupinda kidogo kwa uzito, umeme unaopita ndani yake hubadilika, na mashine husoma kilo za kila upande.

Mama Subilaga alipofiwa na mumewe, alimwomba Mungu msamaha, kisha akaficha kifo na kulaza gunia la mpunga upande wa marehemu, asije akahamishiwa bweni la wapweke.

Siku ya arobaini akaja mkaguzi, binti aitwaye Tusajigwe.

"Shikamoo, mama. Baba hajambo?"

"Marahaba. Amelala."

"Mama, aliyelala hupumua, na namba yake hutikisika. Ya baba imetulia kama jiwe."

Midomo ya Mama Subilaga ikaanza kusali yenyewe.

Binti aliingia chumbani, akalisukuma gunia, akajilaza pale lilipokuwa. Namba ikatikisika.

"Kipimo ni kizima," akasema, lakini hakuinuka. "Mimi kwangu nimeweka mchanga, mama. Kesho wananikagua."

Mama Subilaga akaliburuta gunia hadi sakafuni.

"Basi lala, mwanangu," akasema.